Hapana ya Kiingereza

Oydin, binti wa marehemu kaka yangu, anafundisha Kiingereza hapa mjini Margilan, na kama hujawahi kuishi nyumba moja na mwalimu wa lugha, mshukuru Mungu. Kwake yeye lugha si maneno, ni tabia. "Mwingereza akisema hapana, ni hapana," huwaambia wanafunzi wake. "Humbembelezi, wala hurudi tena kesho. Unashukuru, unaondoka." Hata mimi nikimkaribisha pilau mara ya pili hunikazia macho: "Shangazi, nimeshasema hapana." Haya, naondoa sahani. Baadaye namsikia jikoni anakwangua sufuria.

Katika darasa lake la jioni alikuwemo Ikrom, daktari wa mifugo, mtu mzima, mpole, mseja. Oydin alimpenda. Hakuniambia, lakini siku za darasa alikuwa akitia nyusi rangi, na mimi si kipofu.

Basi masika yale mama yake Ikrom, Hamro, akaja kuposa, na mikate miwili kwenye kitambaa. Nilifurahi kupita kiasi. Ila furaha ya posa haionyeshwi. Ukimega mkate wa washenga umekubali, na siku ya kwanza haumegwi hata aje mwana wa mfalme. Nikamimina chai, nikaleta lozi, mikate nikaiacha nzima.

"Binti yetu bado mdogo," nikasema. Ana miaka thelathini na mbili.

"Kweli, bado mtoto kabisa," akajibu Hamro, uso mkavu.

Tukaagana vizuri. Kila mmoja alijua kwamba atarudi.

Hakurudi. Miforosadi ikazaa, matunda yakaiva, yakaanguka, kimya. Ikrom alikuja darasani, akakaa nyuma, akaondoka kwa adabu. Oydin akaacha hata kukwangua sufuria. Mwisho nikamkamata Hamro sokoni.

"Dada, tumekukosea nini?"

"Kamuulize mwalimu wako," akasema kwa uchungu. "Nimeshavaa viatu nije, mwanangu kasimama mlangoni. Ati, 'Mama, wamesema hapana. Kuwarudia ni kukosa adabu, Mwalimu katufundisha.' Nimemlea vizuri miaka yote hii, darasa la jioni limeniharibia."

Nikarudi nikamweleza Oydin. Akakaa chini pale pale.

"Lakini Shangazi, ile ni tabia ya Waingereza. Sisi ni sisi. Angepaswa kujua."

"Angejuaje, na wewe ndiye uliyemkaririsha? Mkuki kwa nguruwe, mama."

Akalia. Nami nikalia, maana neno lililomfukuza yule kijana lilitoka kinywani mwangu.

"Sasa nifanye nini?" akauliza.

"Si wewe ndiye Mwingereza? Nenda kamuulize mwenyewe."

Nilisema kwa kejeli tu, jamani. Msichana wa Margilan hamposi mwanamume. Lakini jioni ile alivaa gauni lake la hariri akaenda darasani, na mimi nikabaki nazunguka uani, nikijuta. Akikataliwa yeye mwenyewe, uso kwa uso, nani atampelekea tena mkate?

Akarudi macho mekundu.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza, wenzake walipotoka. Kwa Kiingereza. Utanioa au hunioi."

"Akasemaje?"

"Aliinamisha kichwa, masikio yamemwiva. Akasema yeye bado mdogo."

Tukatazamana. Kisha akaanza kucheka, machozi bado yanamtoka, na mimi nikaenda kuchekecha unga wa sambusa za wageni.

Kesho yake Hamro akabisha hodi na mikate yake. Sikungoja chai. Kabla hajavua viatu nikamnyang'anya mkate mmoja, nikaumega pale pale kizingitini, makombo yakatumwagikia miguuni.

Hamro akavitazama vile vipande, akanitazama mimi.

"Mbona haraka hivyo, dada?" akasema. "Mimi nimepita kusalimia tu."