Somoe Asema Mkutanoni

Somoe alikuwa mkulima wa mihogo na korosho karibu na Nanyamba, na mwaka 1973 alijiandikisha katika darasa la watu wazima ili aweze kujisomea barua za mwanawe. Alasiri moja Mwalimu Rozalia aliwauliza, "Raia ni nani?"

"Mume wangu," Somoe alijibu bila kusita. "Yeye ndiye anayekwenda mikutanoni."

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Na wewe je, mama? Nchi hii si yako? Raia ana haki ya kusema, na kusema ni wajibu wake pia."

Neno hilo la wajibu lilimkaa Somoe moyoni. Ijumaa, baada ya swala, wanakijiji walikutana kuamua mahali pa kuchimba kisima, na wanaume wakataka kiwe karibu na ofisi. Somoe akasimama.

"Hapo mtachimba mpaka mchoke," alisema. "Maji yako bondeni. Kiangazi chote sisi tunafukua mchanga kule kwa mikono, na tunayapata."

Mwenyekiti akawageukia wanawake. "Wengine mnasemaje?"

Mikono ikainuka, mingi kuliko Somoe alivyotarajia.

Mkutano ukakubali kisima kichimbwe bondeni, na wiki iliyofuata maji yalitoka, kwanza meupe kama tui, halafu safi. Mumewe Somoe, aliyekuwa shimoni akichimba, akamrushia matone usoni mbele za watu, naye akacheka hata kanga ikamdondoka begani.