Safu Nyekundu za Mkeka

Hii nilisimuliwa na mama-mkwe wangu Nuru, hapa Kindu, mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2002, siku redio ya jirani iliposema kwamba wakubwa wametia sahihi huko mbali na vita vimeisha. Treni ilikuwa haijafika siku nyingi. Chumvi tulikuwa tunailamba kwa ncha ya kidole. Nje, risasi zilikuwa zinalia bado. Mama-mkwe alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Akaniuliza, "Imeisha kwa nani?" Halafu akakunjua mkeka wake wa zamani, akaniambia nikae nisikilize.

Nuru alikuwa anatwanga mpunga siku ile treni ilipopiga honi pale stesheni bila kunyamaza. Mwaka wa 1945, mwezi wa tano, tarehe nane. Kapita Léon, msimamizi wa kazi, alipita nyumba kwa nyumba akisema Mjerumani ameshindwa, kila mfanyakazi aende kuchukua kikombe cha chumvi. Nuru aliuacha mchi ndani ya kinu. Mume wake Idrissa alikuwa na mwaka mzima msituni, njia ya Lubutu, akikata kamba za mpira, zile zinazotambaa juu ya miti na kutoa utomvu. Hakwenda kwa kupenda. Serikali na kampuni ya mpira walisema magari ya vita yanataka mpira, na asiyejaza kikapu alikula fimbo. Basi kila mtu alijua hesabu yake: mpira ni wa vita, vita vikiisha wanaume wanarudi.

Jioni ile ile Nuru alichovya nyuzi za ukindu kwenye rangi nyekundu. Alitaka kumfumia Idrissa mkeka mpya wa kumpokelea.

Idrissa hakurudi. Mwezi wa Rajabu ulipita, Shabani ukapita. Kila akimuuliza Léon, anajibiwa kwamba wanaume wako njiani. Hawakuwa njiani. Msituni hakuna aliyewaambia kitu, kwa sababu vikapu vya kampuni vya mwaka ule vilikuwa havijajaa. Honi ya treni haifiki kule. Fimbo ndiyo inafika.

Siku ya tisa ya Ramadhani, Asumani, aliyekwenda pamoja na Idrissa, aliingia uani. Mifupa na ngozi. Alikaribishwa kiti, hakukaa, na hapo Nuru akajua. Idrissa alipanda juu akifuata kamba ya mpira, tawi likavunjika. Walimzika kule kule. Nuru aliuliza ni siku gani. Asumani alitazama miguu yake, akasema karani wa kampuni ameandika.

Nuru akaingia eda. Nguo nyeupe, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba: hakuna mafuta, hakuna soko, hakuna shamba. Mikono yake haikujua kukaa bure, akaanza mkeka, safu moja kila siku, kwa nyuzi nyeupe. Lakini upande wa mwanzo aliuacha wazi, nyuzi zinaning'inia. Eda inahesabiwa toka siku ya kifo, na siku hiyo yeye hakuwa nayo.

Idi ikapita. Siku ya sita ya mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, Kapita Léon alikuja na kengele yake na karatasi. Mpunga wa lazima wa serikali ulikuwa unapandwa, kila mwanamke na kipande chake cha shamba. Alisimama barazani. Nuru alikuwa nyuma ya pazia.

"Mama Djamali," akasema, "buku ya kampuni inasema bwana yako alikufa tarehe mbili ya mwezi wa tano. Hesabu mwenyewe. Eda imeisha toka juzi. Kesho unaenda shambani sawa wengine."

"Na vita iliisha tarehe ngapi, Kapita?"

"Tarehe nane."

"Siku sita mbele ya vita kuisha. Kifo chake kiko na adabu sana. Haikupatia kampuni haya."

Léon alisema yeye si mwandishi wa buku. Alisema pia mwanamke anayekataa shamba analala gereza, na mtoto wake Djamali ataona nani atampikia. Nuru akajibu kwamba aitwe mwalimu wa msikiti, na Asumani pia. Mwalimu akisema eda imeisha, atashika jembe usiku huo huo.

Walikuja baada ya alasiri. Mwalimu alikuwa mtu wa kuogopa serikali; alikaa ukingoni mwa kiti kama anayetaka kuondoka. Asumani alikuja amejifunika blanketi jipya la kampuni, na jua likiwaka. Nuru aliliona kupitia tundu la pazia. Akaelewa kidole gumba cha nani kimewekwa kwenye ile buku.

Mwalimu akamuuliza Asumani siku ya kifo. Asumani akajibu kama mtoto wa shule, "Tarehe mbili ya mwezi wa tano." Léon akakunja karatasi yake. Mwalimu akashusha pumzi, akaanza kuinuka.

"Shemeji," Nuru akasema nyuma ya pazia, na sauti yake haikupanda. "Mimi sikuulizi tarehe. Jioni ile mulimuzika, kule mbinguni mwezi ilikuwa namna gani?"

Walikuwa wamemfundisha tarehe. Hakuna aliyekumbuka kumfundisha mwezi. Asumani aliinua macho juu, kana kwamba angali anauona katikati ya matawi.

"Mwembamba," akasema. "Sawa ukucha. Siku tatu tu." Kisha akaongeza, "Na mwezi ile ilifuata, njo tulifunga."

Mwalimu akakaa tena. Alihesabu kwa vidole, akarudia, wala hakumtazama Léon. Tarehe mbili ya mwezi wa tano mwezi ulikuwa mkubwa, umeanza kupungua, unachomoza watu wameshalala. Mwezi wa siku tatu unaofuatwa na Ramadhani ni mmoja tu. "Tatu Shabani," akasema. "Eda inaisha kumi na tatu, mfungo tatu."

Tatu Shabani. Miezi miwili na zaidi toka honi ya treni.

Asumani alilivua blanketi, akaliacha kwenye baraza, akaondoka. Léon akasema kwamba buku haifutwi. Ni kweli, haijafutwa mpaka leo. Kesho yake polisi walichukua kinu na kuku wawili, wakasema watarudi kumchukua mwenyewe. Kabla hawajarudi, wanawake wa mtaa walikilima na kukipanda kipande chake chote, zamu kwa zamu, na polisi walipokuja wakaondoka zao.

Nuru aliushika upande wa mkeka ulioachwa wazi. Akafuma safu thelathini na sita, kwa zile nyuzi nyekundu za kumpokelea Idrissa. Ndizo siku alizokuwa mjane na hakujua: siku alizopaka nywele mafuta, alizocheka na majirani, alizopakua sahani mbili. Kila safu aliivuta kwa nguvu mpaka vidole vikatoka damu, na hakuifuta.

Tarehe kumi na tatu ya mfungo tatu, nyama ya Idi ya kuchinja bado inanukia mtaani, alioga, akavua nguo nyeupe, akafunga safu ya mwisho. Jua lilikuwa utosini. Huko barabarani Léon alikuwa anapiga kengele ya shamba, anaita majina, na jina la Nuru lilikuwa la tatu. Nuru alitandika mkeka chini, upande mwekundu kichwani. Kengele ililia tena. Alijinyoosha, akaweka shavu juu ya zile safu, akalala.