Sauti ya Nkwabi Tangini

Tangu kiharusi kimpate mumewe, Nkwabi, Teodora hakutamani kitu kingine kama kumsikia akimwita tena "Mama Winnie". Nkwabi alielewa kila alichoambiwa, alikula kwa mkono wa kushoto, hata kutabasamu alitabasamu; maneno tu ndiyo yaligoma. Winnie mwenyewe, binti yao, alikuwa ameolewa Bukoba, na nyumba yao ya Kiseke ikapoa.

Zamani, kila Jumamosi alasiri, Nkwabi na wenzake walipanda mlimani kwenye tangi kuukuu la maji, la zege, lililokauka miaka mingi. Mwalimu Revocatus, mstaafu wa chuo cha ualimu kule Butimba, alishikilia kitufe kimoja cha kinanda cha mvukuto, nao wakaivuta sauti hiyo hiyo moja, vinywa vimefumbwa, mpaka jua linainama. Teodora hakuwahi kwenda. "Wimbo gani usio na maneno?" alikuwa akimtania. "Mnavuma kama nyuki."

Revocatus alipokuja kumjulia hali rafiki yake, alisema, "Shemeji, niruhusu nimpeleke Jumamosi."

"Akafanye nini, mwalimu, na hawezi kusema?"

"Kule hatusemi."

Teodora akaenda nao, amemshika mumewe mkono kati ya mawe. Ndani ya tangi mlikuwa na giza na ubaridi. Kinanda kikaanza, wenzake Nkwabi wakakifuata, sauti ikapiga kuta na kurudi hata usijue imetoka wapi. Teodora aliisikia mpaka kifuani.

Kisha chini yake ikaja nyingine, nzito, yenye mikwaruzo. Akaweka kiganja mgongoni kwa Nkwabi. Mgongo ulikuwa ukitetema. Ilikuwa sauti ile ile iliyokuwa ikimwita kutoka getini. Akafumba macho, akaingoja itamke jina lake. Haikutamka. Revocatus alipoinua kidole kwenye kitufe na vinywa kunyamaza, sauti ilibaki ikizunguka, ya Nkwabi imo ndani, ikififia polepole. Teodora hakusogea mpaka ilipokwisha.

Nje, ziwa lilimetameta kule chini. Nkwabi akafungua midomo amwambie kitu; ikatoka pumzi tupu. Macho yakamwiva kwa machozi.

Teodora akamfuta kidevu kwa ncha ya khanga. "Nimekusikia, Baba Winnie," akasema. "Ila sijatosheka."

Akamgeuza, wakarudi ndani kabla wengine hawajafunga kinanda. Safari hii Teodora ndiye aliyeanza, kinywa kimefumbwa, akimsubiri.