Mtani wa Mawe Jazz

Baba alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Alikuwa ameshika gazeti kwa mikono miwili, kama padri anavyoshika Injili.

"Sikilizeni," alisema. "'Bendi ya Mawe Jazz ilifariki mwaka jana, kimyakimya. Kaseti hii mpya ni sanduku lake, na limepakwa rangi vizuri.'"

Mama aliacha kukoroga uji.

"Odeta," alisema bila kugeuka, "hilo gazeti limetoka wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Muhula uliopita, kwenye shule yetu ya masista ng'ambo ya kivuko cha Busisi, lilibandikwa tangazo lenye sahihi ya Sista Mkuu, likieleza kwamba maharage yamestaafishwa kwa manufaa ya umma. Bweni zima lilisali sala ya shukrani. Tangu hapo, kila karatasi yenye maneno ya ajabu ilihesabiwa kuwa yangu. Lakini hii haikuwa yangu. Nilijisikia vibaya, kama mwizi aliyekuta nyumba imeshaibiwa na mtu mwenye akili zaidi.

Ilikuwa mwaka tisini na sita. Magazeti yalikuwa yanazaliwa Dar kama vifaranga, na kila moja lilitaka mtu wa kuandika habari za muziki. Bendi ya Baba ilikuwa imezaliwa kabla yangu, ikalelewa na kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipouzwa ikabaki yatima. Wapiga tarumbeta wawili walihamia kwenye biashara ya minofu ya samaki. Ndipo Baba akanunua kinanda cha umeme kutoka Dubai. Ndani yake mlikuwa na tarumbeta, mlikuwa na zumari, na ukibonyeza kitufe chekundu, mlikuwa na ngoma.

Walirekodi kaseti kwa kitufe hicho. Orwa, mpiga ngoma wa Mawe Jazz tangu siku ya kwanza, alikaa nje ya studio, vijiti vyake vikiwa mapajani, akiwapungia mkono waliopita.

Kaseti ilipotoka, mtaa wetu wa Mirongo uliisifu. Mtangazaji wa redio alisema imekwenda na wakati. Muuzaji wa baa alisema ni nzuri. Nilizichunguza sifa hizo na sikuzipenda: zilikuwa ile "nzuri" anayojibiwa mgonjwa anayeuliza kama amenenepa. Hakuna aliyeomba irudiwe.

Na sasa gazeti hili. Baba alisoma jina la mwandishi kwa furaha.

"Kondo Pazi. Mzaramo huyu! Mtani wangu kabisa. Mnaona anavyonipenda?"

Kwa msomaji asiye na watani, na ninampa pole: Mzaramo ana haki ya kumtukana Msukuma hadharani, Msukuma ana haki ya kumrudishia, na anayekasirika ndiye mshamba. Baba alikuwa amepata tusi la ukurasa mzima, kwa hiyo alijiona amependwa ukurasa mzima. Alilikata akalibandika ukutani, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu.

Mimi nililisoma upya nikiwa peke yangu. Mizaha ni fani yangu, na mzaha una harufu yake. Sentensi moja haikunuka hivyo hata kidogo: *Ngoma inayopigwa na kitu kisichochoka haiwezi kumchezesha mtu aliyechoka.*

Orwa alipokuja, naye alilisoma, akiwa amesimama.

"Unamfahamu huyu mtu?" Baba alimuuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua kicheko.

"Nimfahamu kutoka wapi?"

"Anajua mengi kuhusu ngoma."

"Chenge," Orwa alisema, "hata kuku wa studio ile wanajua kuhusu ngoma. Nilikuwa nimekaa nao."

Baba alimwangalia. Orwa aliangalia Moyo Mtakatifu. Hapo nilielewa kilichokuwa kinasubiri kuamuliwa nyumbani kwetu. Jumamosi Mawe Jazz walikuwa na bugi, dansi la mchana, huko Kiseke, la kwanza tangu kaseti itoke, na hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa amemwambia Orwa aje au asije.

Wiki hiyohiyo waandishi kutoka Dar waliletwa Mwanza kuangalia magugu-maji yaliyokuwa yanaziba ziwa. Kondo Pazi alikuwa mmoja wao. Baba alipopata habari, alituma mtu hotelini: mtani aje ale mchana kwetu, na aje na roho yake mkononi.

Alikuja. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye viatu vyenye matope ya ziwa. Baba alimvamia mlangoni, akampokonya kofia, akatangaza kwamba Wazaramo hawajawahi kuvaa kofia isipokuwa za kuiba. Kisha akasubiri kurudishiwa tusi.

"Shikamoo, mzee," alisema Pazi.

Baba alisita. "Marahaba," akajibu, kwa shida.

Tulikaa mezani: Baba, Orwa, mgeni na mimi. Mama alileta sato wa nazi na ugali wa muhogo. Kichwa cha samaki aliyekuwa mkubwa kuliko wote alimwekea Orwa, kama kawaida, maana kwa mtu wa Shirati kama yeye kichwa cha samaki ni kama kiti cha mbele kanisani.

"Kwa hiyo, mtani," Baba alianza, "umetuua."

"Mimi sikuua, mzee. Nilikuta."

"Ulikuwa unatania."

Pazi alinawa mikono taratibu. "Utani naujua, nimelelewa nao. Lakini yale maneno, kwetu na kwenu, mtani huyasema msibani. Na ili aseme, lazima kwanza maiti iwepo."

Mama alisimama na bakuli mkononi. Baba alicheka, peke yake, na kicheko kikaishia njiani.

"Haya," alisema. "Kama ni msiba, fanya kazi ya mtani. Chukua mali ya marehemu, tuone."

Alisema hivyo kumkomoa. Desturi ni hiyo: mtani msibani hunyakua kitu cha marehemu, na wafiwa hukikomboa kwa chochote walicho nacho, hata kuku. Nilidhani Pazi angechukua tu kofia yake aliyopokonywa. Badala yake aliinuka, akatembea hadi kona ya sebule, akaweka kiganja juu ya kinanda, kwenye kitambaa ambacho Mama alikifuma mwenyewe.

"Hiki," alisema.

Kukataa ni ushamba. Kukomboa ni kukiri kwamba msiba upo. Baba alimtazama Pazi, akamtazama Orwa, akanitazama hata mimi, kana kwamba tulikutana mahali tukapanga.

Ndipo Orwa akasukuma sahani yake hadi mahali pa mgeni. Kichwa cha sato kilikuwa bado kizima, na macho yake yote mawili.

"Nakomboa," alisema.

Pazi alirudi kukaa. Alikipima kile kichwa kwa heshima. "Kimekombolewa."

"Ahsante, ndugu yangu," Baba alipumua. "Kirudishe tu hapohapo."

"Kwa nini nikirudishe?" Orwa aliuliza. "Mtani, kitu kikikombolewa ni cha nani?"

"Mimi nampa aliyekomboa," Pazi alisema, mdomo umejaa. "Mengine wataelewana wafiwa wenyewe."

Orwa alimaliza ugali wake mtupu bila haraka. Kisha alikichukua kinanda pamoja na kitambaa, akakibana kwapani. Mama hakudai kitambaa chake, jambo ambalo hadi leo nalitilia shaka.

"Orwa," Baba aliita kutoka mlangoni. "Jumamosi utakuja nacho?"

"Nitakuja."

Jumamosi huko Kiseke alikuja na vijiti. Baba alichungulia nyuma yake, kisha nyuma ya ukumbi, kisha chini ya meza ya muuza soda. Watu walikuwa wachache, wengi wao wenye umri wa Baba, wamekaa na mikono kifuani kama wanunuzi wa ng'ombe. Baba alirudi jukwaani, akakaza nyuzi za gitaa, akakohoa. Alihesabu moja, mbili, na Orwa akaingia na ngoma, akiwa amechelewa kidogo, jambo ambalo kitufe chekundu hakikuwahi kulifanya.

Mwanamke mmoja aliweka soda yake chini akasimama kucheza. Waandishi walikuwa wamerudi Dar na treni ya Alhamisi.