Kondoo Kwenye Uwanja wa Matufe

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, na manyunyu yalikuwa yakija kutoka ubavuni, kama ilivyo kawaida ya Aberhesg, kijiji cha pwani tulikokwenda likizo, mwezi wa Agosti. Dada yangu Morfudd alisema hali ya hewa ni nzuri. Mumewe, Idwal, hakuwa na habari na hewa. Alikuwa amesimama dirishani na kikombe cha chai, akitazama kondoo wa watu wengine.

"Baba Rhodri, mwani wako wa kukaanga unapoa," dada alimwambia.

"Yule mwenye alama ya bluu anachechemea."

"Si wako."

"Sikusema ni wangu. Nimesema anachechemea."

Shemeji yangu ni mfugaji wa milima ya Epynt, na tangu amwoe dada yangu hajawahi kumaliza likizo hata moja. Safari moja walirudi nyumbani kwa sababu kondoo alikuwa amevunjika mguu. Safari iliyofuata walirudi kwa sababu huenda kondoo angevunjika mguu. Mwaka huu dada alimtaka aahidi mbele yangu, mimi Luned, nikiwa shahidi: Jumamosi hadi Jumamosi, wiki nzima, katika kijumba cha mawe kando ya bahari, na mtoto wao Rhodri abaki na mifugo. Dada hakutaka makubwa. Alitaka kuamka kila siku bila kuuliza kama mizigo imeshapakiwa garini.

Tulikuwa na ratiba, na ratiba ilikuwa ikifuatwa. Jumapili tuliimba kanisani, kisha tukapanda kuona ngome iliyobomoka. Idwal alisifu ukuta wake. Alisema ungezuia kondoo vizuri sana. Jumatatu tulifuata njia ya juu ya majabali ili kuwatazama sili, wanyama wa baharini wenye mapezi badala ya miguu, waliojilaza kwenye miamba. Idwal alikiri kwamba wamenona, ila alisikitikia miguu yao. Jumanne ilikuwa siku ya kuvua kaa gatini.

Kaa hao hawaliwi. Unafunga kipande cha nyama ya nguruwe kwenye uzi, unakishusha kando ya ukuta, unampandisha kaa, unamtia ndooni, unamtazama, kisha unamrudisha alikotoka.

"Halafu?" Idwal aliuliza.

"Halafu unavua mwingine," dada alijibu.

"Humli?"

"Simli."

"Humuuzi?"

"Shemeji," nilimwambia, "hii inaitwa starehe. Tulia tu, haiumi."

Alishika uzi kwa muda, kwa uso wa mtu anayeshikilia mtoto wa jirani. Kisha alichukua mwavuli wa dada na kusema anakwenda kutununulia aiskrimu. Dada alifurahi mno. Wala hakukumbuka kwamba duka la aiskrimu liko nyuma yetu, na Idwal alikuwa ameelekea mbele.

Tulisubiri. Kaa waliingia ndooni na kutoka. Hatimaye tulisikia milio ya kondoo, si ya mbali malishoni, bali katikati ya kijiji, karibu na posta.

"Luned," dada alisema polepole, "niambie si yeye."

Sikuweza kumwambia hivyo.

Mambo yalikuwa yamekwenda hivi. Mwisho wa gati Idwal aliona bahari ikijaa na maji yakiingia kwenye vijito vinavyokata uwanda wa nyasi za chumvi. Kondoo walikuwa katikati ya uwanda huo, vichwa chini, wakila bila wasiwasi. Huko milimani kwetu, kondoo aliyezungukwa na maji huhesabiwa kuwa amekufa. Basi aliingia kwenye matope na viatu vyake vya kanisani, akapiga mluzi, akakunjua mwavuli badala ya kutumia mbwa wa kuchungia, na kulitoa kundi zima hadi barabarani. Hapo alihitaji mahali penye ukuta imara na lango linalofungika. Kijijini palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo: uwanja wa kuviringisha matufe, wenye nyasi zilizonyolewa kama zulia, ambapo jioni ile wazee wa Aberhesg walikuwa wacheze na wazee wa kijiji jirani.

Tulipofika, lango lilikuwa limefungwa vizuri. Idwal alikuwa amesimama mbele yake, matope hadi magotini, ameridhika. Bwana Hefin, mwenyekiti wa klabu ya matufe, alikuwa ndani na suruali yake nyeupe, amezungukwa na kondoo, hajui amfukuze yupi kwanza.

"Wewe ndiye uliyewaleta?" alifoka.

"Mimi. Usinishukuru."

"Nikushukuru! Tazama! Tazama hapo katikati! Yule anafanya nini hapo?"

"Anafanya wanachofanya kondoo," Idwal alisema. "Ni mbolea nzuri."

Ndipo alipofika Gaenor, mwenye kondoo, juu ya pikipiki yake ya magurudumu manne. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kupita ukutani. Alilitazama kundi, akautazama mwavuli, kisha akamtazama shemeji yangu kuanzia viatu hadi kofia.

"Mzee wangu," alisema, "unatoka wapi?"

"Epynt."

"Nilijua tu. Mtu wa mlimani. Sasa niambie, kondoo wangu walikukosea nini?"

"Walikuwa wanazama!"

"Wanazama? Hao wamezaliwa kwenye chumvi, baba. Wanakula chumvi, ndiyo maana nyama yao inagombaniwa. Leo maji ni madogo, hayapandi hata juu ya nyasi. Siku za bamvua, maji yakijaa kupita kiasi, nawatoa mwenyewe. Siku nyingine maji yakija wanasogea, yakiondoka wanarudi. Hata mwanakondoo wa juzi anajua."

Watu walikuwa wameshakusanyika. Bwana Hefin, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alinyoosha kidole.

"Mchungaji mwema huacha kundi akatafute mmoja aliyepotea," alisema. "Wewe umekuta kundi halijapotea, ukalipoteza lote!"

Kijiji kilicheka. Dada naye alicheka, kwa bahati mbaya, mpaka akakaa kwenye kiukuta. Idwal hakucheka. Alifungua lango, akampa dada mwavuli wake, akatembea kurudi kijumbani bila kumtazama mtu.

Nilipomfuata dada ndani, sanduku la Idwal lilikuwa tayari juu ya kitanda.

"Tunaondoka," Idwal alisema.

"Ni Jumanne, Baba Rhodri."

"Lazima nyumbani wananihitaji. Acha nimpigie kijana."

Simu pale hushika mtandao kwenye kilima kidogo nyuma ya nyumba tu. Mimi nilikuwa nimetangulia huko kuanua taulo ambazo zilikuwa zimelowa zaidi kuliko nilipozianika. Idwal hajui kupunguza sauti ya simu, kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio.

"Rhodri, kuna tatizo gani huko?"

"Hakuna, baba."

"Kondoo wa juu?"

"Wazima."

"Ule uzio wa mtoni?"

"Niliutengeneza jana. Mbwa naye hajambo, analala kwenye kiti chako." Kisha aliuliza: "Baba, ni kweli umewaokoa kondoo wasiozama?"

Shemeji alibadilika rangi. "Nani kakwambia?"

"Yule mama Gaenor ana binamu yake hapa kwenye mnada wa mifugo. Mnada wote unajua. Wanasema ulitumia mwavuli wa mama. Wengine wanasema mwavuli wenyewe ulikuwa wa maua."

"Ni wa mistari," Idwal alisema kwa unyonge.

"Nitawaambia. Baba, kaa huko. Ukirudi leo watakuchinja. Hadi Jumapili watakuwa wamepata mwingine wa kumcheka."

Alikata simu, akabaki amesimama kwenye manyunyu. Nilikuwa na maneno ya utani tayari kinywani, na shemeji ni wa kutaniwa, lakini niliyameza. Sikuwa nimewahi kumwona akiwa hana pa kwenda.

Dada alikuwa kwenye mlango wa nyuma. Alikuwa amesikia yote.

"Mizigo yako imefungwa," alimwambia. "Gari chukua. Mimi nabaki hapa mpaka Jumamosi, nitarudi kwa basi na Luned."

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi. Kila mwaka unaniondoa mimi, mwaka huu sitoki. Wewe uko huru."

"Uzio ameutengeneza," Idwal alisema. "Hata hakuniuliza."

"Nani alimfundisha kutengeneza uzio?"

Idwal aliangalia viatu vyake vyenye matope.

"Ulimfundisha wewe. Basi kazi imekwisha, mzee. Mtu asiyehitajika nyumbani kwa siku chache hajafa. Ndiye anayeitwa yuko likizo."

"Na hawa wa hapa? Nitapita vipi mbele ya posta?"

"Kwa miguu. Watakucheka leo, watakucheka kesho, keshokutwa watakusalimia. Mimi nimekucheka tangu arusi, na bado nakupikia."

Idwal alimtazama dada kama anavyomtazama kondoo ambaye bei yake hajaiamua. Kisha akaondoa kofia na kuikung'uta maji.

"Kesho ratiba inasemaje?" aliuliza.

"Kuoga baharini."

"Na mvua hii?"

"Na mvua hii."

"Wendawazimu," alisema, akaingia ndani kuitoa kaptula ya kuogelea iliyokuwa chini kabisa ya sanduku.

Baada ya hapo kila mtu alifanya lake. Bwana Hefin aliahirisha mchezo na kumkabidhi Idwal reki na debe la mchanga. Idwal aliziba kila alama ya kwato uwanjani, na Alhamisi alikubaliwa kuviringisha tufe moja, likatoka nje. Gaenor alileta paja la kondoo wa chumvi na kulila yeye mwenyewe nusu. Rhodri aliendelea kuwaambia watu wa mnadani kwamba mwavuli ulikuwa wa mistari. Mimi nilisoma magazeti ya wiki iliyopita. Morfudd aliingia baharini Jumatano, akapiga kelele, akatoka, akaingia tena, na akafanya hivyo kila siku mpaka Ijumaa. Jumamosi asubuhi, wiki ikiwa imetimia, aliamka kabla ya wengine na kupakia gari kwa mikono yake.