Nereah Ataongea Leo

Shiundu alidhani kufuli ndiyo mwisho wa maneno. Saa sita mchana, tukiwa tumeshapiga deki ukumbi wa Sarang'ombe hapa Kibera na kupanga viti themanini, alikuja na kufuli mpya, akatutoa nje, akafunga. Projekta ikabaki ndani, viti ndani, hata ndoo yangu ndani.

"Hiyo mkutano imeahirishwa," akasema.

"Imeahirishwa na nani?"

"Mimi ndio chairman hapa, Mama Marvin. Tuheshimiane."

Chairman wa ukumbi ni yeye. Mkono wa kulia wa landlord wetu kule Gatwekera pia ni yeye, na zile barua kumi na saba zilizopitishwa chini ya milango yetu, zikituamuru tuhame kabla ya Jumatatu asubuhi, alizisambaza yeye. Yangu nilikuwa nayo ndani ya sidiria. Nimeishi katika nyumba ile miaka kumi na tisa. Sikuwa na pa kwenda, na hata ningekuwa napo, nisingeenda.

Kilichotisha watu ni mhuri. Barua ina mhuri mkubwa wa duara, sahihi ya kujivuna na nambari ndefu ya faili, na majirani wengine walikuwa wameshaanza kufunga magodoro kwa kamba. Mimi nilimkumbuka Nereah. Huwa tunafua naye nguo Kawangware, na nilijua kwamba aliwahi kuletewa barua ya kuhama, akaipeleka kortini, na mpaka leo anapika ugali katika nyumba ile ile. Nilimwomba aje atuhutubie, na alete picha za karatasi zake kwa flashi. Nilizitaka ukutani, kubwa, kila mtu azisome mwenyewe. Watu wetu wamedanganywa na midomo mingi mno.

Kasyoka, jirani yangu, akaanza kulia pale pale mbele ya kufuli. Nilimkaripia.

"Unalia nini? Projekta ni moja Kibera yote?"

Nyingine niliijua. Iko kwa Mbithi, kwenye kibanda anachoonyeshea mpira wa Uingereza kila Jumamosi.

"Zii, Mama Marvin," Mbithi akasema. "Game inaanza saa tisa na nusu. Nikizima, hawa wasee watanichoma."

"Nani amesema uzime? Half time wanafanya nini?"

"Wanaenda kukojoa."

"Basi nipe hiyo half time."

Akajikuna shingo. "Dakika kumi na tano. Sio kumi na sita."

Tulianza kazi. Ukuta wa Mbithi umeingia moshi, kwa hiyo nilileta shuka langu jeupe, nikalipigilia misumari. Tukawasha projekta na laptop yake kuzijaribu, picha ikatokea, halafu taa zikafifia na kila kitu kikazima. Waya wa stima ni mmoja kwa nyumba nyingi, na mtu akiwasha pasi sote tunajua. Nikapita mlango kwa mlango nikiwaomba wazime pasi na koili za kuchemshia maji. Kinyozi ndiye aliyenisumbua. Nilimwambia half time ikifika azime mashine, mteja akibaki na nusu kichwa avumilie, nusu nyingine haitatoroka.

Kiti nacho. Mgeni wetu hakai kwa benchi, hata kama kibanda chote ni mabenchi. Tukabeba sofa ya Kasyoka pamoja na kitambaa chake cha kushonwa kwa mkono, na ilipokataa kupita mlangoni, Mbithi akang'oa mlango. Mechi ilikuwa imeshaanza. Wanaume walitupigia kelele tukipitisha sofa mbele ya mpira, nasi tukaipitisha.

Nereah alifika na boda saa kumi, vidole vimekunjamana kwa sabuni, amefua tangu asubuhi. Alipoona wale wanaume, na wapangaji wenzangu waliojipanga kando ya kuta, alirudi nyuma.

"Sijawahi ongea mbele ya watu hivi."

"Leo utaongea," nikamwambia, nikamketisha kwenye sofa, flashi yake nikampa Mbithi.

Kipenga kililia. Wanaume wakainuka. Nilisimama pale palipokuwa na mlango, nikatanua mikono.

"Mtakojoa mechi ikiisha. Kuna mgeni."

Walicheka, lakini walikaa. Mbithi akabonyeza, na barua ya Nereah ikajaa kwenye shuka langu.

"Hii nililetewa miaka tatu iliyopita," Nereah akaanza, sauti ikitetemeka. "Ya plot yetu, Kawangware."

Nilitazama mhuri. Nikatazama nambari ya faili. Nikaitoa yangu kifuani mbele ya wanaume wote, sikujali, nikaisoma nambari kwa sauti, tarakimu moja moja. Ilikuwa ile ile. Kasyoka akasoma yake. Ile ile. Kijana wa plot yetu anayeitwa Nzuki akaitoa yake kwenye waleti, akasoma huku amesimama juu ya benchi. Ile ile.

"Kortini walimuuliza aliyeleta, imetoka ofisi gani," Nereah akasema, na sasa sauti haikutetemeka. "Akakosa jibu. Wakasema ni feki."

Nilikuwa na hasira mpaka machozi. Siku tisa sikuwa nimelala kwa sababu ya karatasi ya kufotokopi.

Kipindi cha pili kilianza tukiwa bado tunapiga kelele, na Mbithi hakugusa rimoti. Nzuki alimpigia Shiundu simu, akamwambia aje, ukumbi mwingine umepatikana. Alikuja mbio kutufukuza. Aliingia akiwa amepandisha mabega, akaiona barua ukutani, mabega yakashuka.

"Chairman," nikamuuliza, "hii ilitoka ofisi gani?"

Alitazama shuka, akatazama mikono yetu iliyoshika karatasi.

"Mimi nilitumwa tu," akasema.

"Sawa. Na sisi tunakutuma," nikamwambia. "Mwambie aliyekutuma kwamba Jumatatu tutakuwa kortini na hizi karatasi, na jioni tutarudi kupika kwetu. Hatutoki."