Dakika Mbili za Kombe

Mwaka 1991 nilikuwa na duka la kukodisha kanda za video Likoni, hatua chache kutoka njia ya kuendea Timbwani. Nilikuwa na mashine mbili, na mtu akitaka nakala ya kanda ya harusi yake, niliziunganisha kwa waya nikamtolea. Sikuwahi kushindwa hata siku moja, ndiyo maana Bi Mwanatatu aliponijia sikusita kumwahidi.

Alikuja Jumatano asubuhi, kajitanda leso, kanda kaikumbatia kifuani.

"Shikamoo, Bi Mwanatatu."

"Marahaba, mwanangu Obeid. Naambiwa Kombe yumo humu."

Kombe alikuwa mwanawe wa kiume wa pekee. Alikuwa akiwatembeza wageni kwenye miamba, katika hoteli moja ya Shelly Beach. Miezi mitatu nyuma homa ilimpanda kichwani, na siku ya nne tulimzika. Picha yake haikubaki hata moja. Hata kitambulisho kilichukuliwa kifo kilipoandikishwa.

Babake, Mzee Boga, hakuwa amesema naye kwa mwaka mzima. Mzee alikuwa mvuvi wa kutega samaki kwa madema, na hakutaka mwanawe awe wa kuwaogesha Wazungu. Walitupiana maneno, Kombe akafunga nguo zake akahama. Siku ya mazishi Mzee Boga alibeba jeneza kimya, akafukia, akarudi nyumbani. Tangu hapo jina la Kombe halikumtoka kinywani.

Kanda ile ilitengenezwa na wageni waliokuja kupiga filamu ya samaki. Hoteli ilibaki na moja tu. Samiha, binti wa mapokezi, alimpa Bi Mwanatatu kwa siri: irudi kabla ya Jumamosi, meneja atakaporudi kutoka likizo.

Niliitia mashineni. Samaki walipita, matumbawe yakapita, kisha Kombe huyo, kasimama kwenye maji ya kiunoni, anacheka. Bi Mwanatatu akaketi chini pale pale sakafuni.

Nikaunganisha waya, nikanakili. Nilipoicheza nakala, sauti ilikuwa safi, lakini picha ilififia ikawa giza, ikang'aa mno, ikafifia tena, rangi zikamwagika. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha kanda. Mambo yale yale.

Alhamisi nilivuka kivuko nikaenda hadi Changamwe kumwita Odhiambo, fundi wa televisheni. Aliitazama mara moja tu akatikisa kichwa.

"Hii imefungwa, bwana. Wenyewe wametia alama ndani yake. Televisheni haijali, lakini mashine ya kunakili ikiikuta inachanganyikiwa. Hawataki watu watoe nakala."

"Hakuna njia?"

"Ipo. Nitaunda kisanduku cha kuiondoa hiyo alama. Lakini vipuri ni wiki mbili."

"Wiki mbili hatuna."

Akafikiri. "Basi ipige picha televisheni yenyewe. Tumia kamera yako ya harusi."

Ijumaa baada ya swala nilifunga duka, nikaziba madirisha kwa mablanketi, nikaisimamisha kamera mbele ya televisheni. Bi Mwanatatu alikuwa nyuma yangu.

"Mama, tafadhali, kamera inanasa na sauti. Tunyamaze."

"Nitanyamaza, inshallah."

Kombe alipotokea, nilimsikia Bi Mwanatatu akivuta pumzi. Kombe alipocheka, mamake akapiga ukelele, "Mwanangu we!" Nikasimamisha, nikarudisha kanda nyuma. Mara ya pili alijitia leso mdomoni, na bado kilio kilipenya. Mara ya tatu nilimwomba akae nje, dakika mbili tu.

Alinitazama kwa mshangao. "Niondoke alipo mwanangu, Obeid?"

Sikuweza kumwambia tena. Nikapiga na kilio chake. Picha ilitoka na michirizi myeusi inayopanda na kushuka, lakini uso ulikuwa uso wa Kombe. Maneno yake ndiyo hayakusikika vizuri, yamemezwa na sauti ya mamake.

Alasiri Samiha akaja, macho hayatulii. "Kaka Obeid, nipe. Meneja amerudi mapema." Nikampa.

Odhiambo alitimiza ahadi, akaleta kisanduku chake siku ya kumi na tano. Nikaenda hotelini mbio. Samiha alinijia mlangoni, akaniambia meneja amempa kanda ile mgeni mmoja, na mgeni ameshapanda ndege. Jina la mgeni hakulijua.

Hivyo zikabaki nakala mbili: moja ya sauti bila uso, nyingine ya uso bila sauti. Kwa Bi Mwanatatu hakukuwa na umeme, kwa hiyo niliziweka dukani, na kila Alhamisi alikuja kuzitazama.

Alhamisi moja alikuja na mumewe. Mzee Boga hakuketi. Aliegemea mlango, akaitikia salamu yangu kwa kichwa.

Niliweka ile ya sauti kwanza. Picha ikaingia giza, na Kombe akasema, wazi kama yumo chumbani: "Huyu ni pono. Yule kule ni puju. Majina haya yote kanifunza babangu. Hakuna anayeujua mwamba huu kama yeye."

Mzee Boga akasema, "Rudisha."

Nikarudisha. Safari hii picha iling'aa kidogo pale Kombe aliponyoosha kidole, na samaki akaonekana akikatiza majini.

"Yule si puju," akasema Mzee Boga. "Ni kikande. Nilimwambia mara ngapi! Puju ana pembe. Nilimwambia…"

Sauti ikamkatika. Akavua kofia yake, akajifunika nayo uso, mabega yakamtikisika. Bi Mwanatatu aliinuka, akamshika mkono, akamketisha kwenye benchi kama anavyoketishwa mgonjwa.

"Mwaka mzima, Mwanatatu," akasema chini ya kofia. "Ningemwita tu. Angekuja."

"Angekuja," mkewe akajibu.

Nikatoka nje nikawaachia chumba. Alikuja mteja, nikamwambia duka limefungwa. Ndani, mashine ililia ikirudisha kanda nyuma. Bi Mwanatatu alikuwa ameshajifunza kuibonyeza mwenyewe.